Konveta Inayonukia Mawaridi

Michenzani, ghorofa ya nne
Jumatatu, 11 Novemba 2024, saa saba mchana

Mume wangu kipenzi Munir,

Mume wangu. Niache niandike tena: mume wangu. Nimefanya mazoezi ya neno hili nyuma ya bahasha ya pongezi aliyoleta shangazi Mardhiya mpaka nafasi ikesha, na bado kila nikiliandika moyo unaruka kama mtoto aliyesikia skuli inafungwa.

Hivi ni kweli umeondoka? Kikombe chako cha chai ya tangawizi kipo hapa mezani. Nusu uliyobakisha nimeinywa mimi, imeshapoa, na sukari yote chini. Usimwambie mtu.

Najua ni kazi. Nilikuwa nyuma ya pazia asubuhi Miraji, dereva wenu, alipogonga na kumwambia baba, "Shikamoo mzee. Unisamehe sana, najua bwana harusi yumo fungate, lakini gari iko chini. Radi ya jana imepiga visimani Makunduchi, na fundi ni yeye tu." Baba akaitika "Marahaba," na mimi huku nyuma nikaomba dua moja mbaya, baba aseme hapana. Hakusema. Na wewe ulishavaa viatu!

Leo siku ya nne tu, Munir. Wenzetu wanafungiwa siku saba wajuane, sisi tumepata tatu na asubuhi moja. Naomba ahadi. Alhamisi, siku ya saba, watakapokuja kunitoa nje, mlango wa chumba hichi uufungue wewe. Si mama, si somo yangu anayenifunda. Wewe.

Simu usinitafute. Somo yangu, Bi Mwanakhamis, ameitia mkobani mwake tangu Ijumaa. Anasema bibi harusi aliyemfunda mwaka jana alimaliza fungate akipeleka picha kwa mashoga zake huku mume anaangalia mpira. Simu ya mama unaweza kupiga, lakini mama huiweka kwa sauti kubwa na kuishika mbali kama ameshika kaa, na yale ninayotaka kukuambia hayasikizwi na mama. Kwa hiyo barua. Miraji amekubali kupita hapa kila mchana kuchukua chakula chako na kurudi kila jioni na vyombo. Inua kitambaa chini ya pilau, utanikuta.

Na mkoba wako wa kazi umeufungua? Umenusa? Ndiyo kazi yangu ya Jumamosi ulipokwenda kusali adhuhuri. Somo aliniambia, "Kila kitu cha mumeo kinukie wewe, ili akitoka asisahau njia ya kurudi." Nikafukiza udi kanzu zako, mito, mapazia, na mkoba wako wenye mafuta ya mashine nao ukapata haki yake.

Wako, wako, wako,
Salhiya


Kituo cha pampu, Makunduchi
Jumatatu, 11 Novemba, saa kumi na moja jioni

Mke wangu Salhiya,

Pilau nimekula na Mzee Ubwa, mwangalizi wa pampu. Anakusalimu. Anasema mwanamke anayepika hivi haachwi siku ya nne, na mimi ni mpumbavu. Nilikubali.

Mimi si mwandishi kama wewe. Siku ile ya kwanza uliniuliza nafanya kazi gani hasa, nikasema fundi wa mitambo, ukaitikia kwa adabu na kuniongezea halua. Acha leo nikueleze vizuri, kwa sababu nataka ujue ni nini kilichonitoa chumbani kwako.

Huku kuna tangi juu ya mnara na pampu kwenye visima, mita mia tisa kutoka hapo. Tangini kuna kipimo kinachojua maji yamefika wapi. Pampuni kuna kompyuta ndogo inayowasha na kuzima. Lakini wawili hawa hawasemi lugha moja. Kompyuta ni ya zamani, sauti yake haifiki mbali. Kipimo kinapitisha maneno yake kwenye jozi ya nyaya, na kinasikika hata kilomita nzima. Katikati yao tunaweka konveta, kijisanduku cha kijivu kama pakti ya majani ya chai, ndiye mkalimani. Radi imemuua mkalimani.

Kwa hiyo pampu hazijui kama tangi limejaa au tupu. Leo Mzee Ubwa amepanda mnarani na kanga ya mkewe, Bi Shemsa. Akiinua kanga, nazima. Akiishusha, nawasha. Saa saba alisinzia, maji yakamwagika mpaka kwenye migomba ya watu. Namna hii maji yanafika nusu ya kijiji tu. Kina mama wanarudi kutoka kwenye mwani na chumvi imekauka miguuni, hapana maji ya kuogea.

Lakini usihofu. Nina konveta ya akiba. Kheir, mwenzangu wa kazi, aliijaribu dukani wiki moja kabla ya harusi, ikafanya kazi, akanipa nikaitia mkobani na kuisahau. Leo nimeitoa, Salhiya, nikasimama kama mjinga. Inanukia mawaridi! Plastiki na chuma, inanukia mawaridi. Niliiweka puani mpaka Mzee Ubwa akauliza kama nina mafua. Nikamjibu, "Namnusa mke wangu." Akasema, "Lahaula."

Nimeifunga. Taa ya umeme inawaka. Taa ya kupeleka inapepesa, maana yake kompyuta inauliza. Taa ya kupokea haipepesi. Nadhani ni kasi. Pande mbili lazima ziseme kwa kasi moja, zikipishana hazisikilizani. Kesho nitaipata. Jumatano niko kwako.

Mumeo,
Munir


Michenzani
Jumanne, 12 Novemba, saa sita mchana

Laazizi wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, eti unaninusa mbele ya watu wazima. Mara ya pili nilicheka kwa yule mzee na kanga yake. Mara ya tatu nilikaa kitako.

Nina maswali machache. Nauliza ili nijifunze tu, maana mke wa fundi asiwe mjinga, na fizikia mimi nilipata D. Kile kijisanduku nakikumbuka, nilikiona nilipokuwa napanga mkoba. Kina matundu membamba ubavuni. Ya nini yale? Na vitu kama vile vinaogopa unyevu? Si mvua. Unyevu mdogo tu, kama wa mtu aliyepita na mikono mibichi. Nauliza tu.

Hapa sote wazima. Somo amenisinga asubuhi na liwa, ngozi yangu laini mpaka inateleza, na hapana wa kuiona. Nimelala upande wako wa kitanda. Mto wako nimeukataza usifuliwe. Jana jioni mvua ilipiga dirishani, nikawaza kama Makunduchi nako inanyesha, na kama umejifunika, na kama huyo Mzee Ubwa anakoroma. Munir, mimi sikujua kwamba mtu anaweza kumkumbuka mtu aliyemjua siku tatu. Yaani nimekukumbuka hata namna unavyosafisha koo kabla ya kuingia chumbani, kama unaingia ofisini kwa mkubwa wako.

Nimekutilia mkate wa kumimina. Kula wewe, mzee mpe kipande kidogo.

Usinikasirikie kamwe. Sisemi kwamba lipo jambo. Nasema kamwe.

Salhiya wako


Makunduchi
Jumanne, 12 Novemba, saa kumi na mbili kasorobo

Mke wangu,

Nimechoka, barua hii itakuwa fupi.

Nimejaribu kasi zote nane. Nimegeuza nyaya, hii huku na hii kule, kwa sababu watengenezaji wengine huziita kinyume. Nimetembea mita mia tisa kwenda na kurudi mara sita. Taa ya kupokea haijapepesa hata mara moja. Inauliza, inauliza, haijibiwi.

Maswali yako ni mazuri. Matundu ni ya kupumulia, ipate hewa isichemke. Na maji ndiyo adui yake mkubwa, hata tone, hasa ukiitia umeme kabla haijakauka. Lakini hilo usilifikirie. Ilikuwa mkobani, chumbani kwetu, mahali pakavu kuliko pote Unguja.

Kwa hiyo limebaki jibu moja. Kheir hakuijaribu, alisema tu ameijaribu ili awahi shughuli za harusi. Nimempigia mkubwa wetu nikamwambia hivyo. Alikasirika kuliko nilivyotaka. Kheir ameambiwa asifike kazini mpaka nirudi nikaseme mbele yake. Ameniletea ujumbe mmoja tu: "Munir, wallahi niliijaribu." Sikumjibu. Ni rafiki yangu tangu chuoni, lakini nusu ya kijiji haina maji, na mimi niko mbali na mke wangu kwa uvivu wa mtu.

Konveta mpya itatoka Bara, na huko nako wanaisubiri kutoka nje. Siku kumi na mbili, wanasema. Mpaka ifike sharti nikae hapa niwashe na kuzima kwa mkono. Alhamisi siwezi, Salhiya. Sijui nikwambie vipi. Mlango watakufungulia wao.

Harufu ya mawaridi kwenye sanduku bado ipo. Ndiyo kitu pekee kizuri hapa.

Munir


Michenzani
Jumatano, 13 Novemba, saa nne asubuhi

Munir,

Soma barua hii umekaa. Na ikiwa Mzee Ubwa yupo, mwambie atoke.

Kheir hakusema uongo. Kheir aliyecheza harusini kwetu mpaka akachana kanzu yake mgongoni, na akaendelea kucheza, hana kosa lolote. Ni mimi.

Jumamosi ile sikufukiza udi tu. Udi ulipokwisha, somo akanipa mrashi wa mama, ule wa fedha wenye shingo ndefu, umejaa marashi ya mawaridi mpaka juu. Akasema nyunyiza. Nikanyunyiza. Nilikuwa na furaha, Munir, nilikuwa sijui niiweke wapi. Nikanyunyiza shuka, nikanyunyiza viatu vyako, nikafungua mkoba nikanyunyiza koleo na bisibisi moja moja, kama watoto wanaopewa pipi. Halafu nikakiona kijisanduku. Kilikuwa kizuri, kipya, kina vitundu kama vya chetezo. Nikasema hichi nacho kinukie ndani. Nikaingiza mdomo wa mrashi kwenye kitundu. Si mara moja. Mara tatu, moja kwa kila siku uliyosema ulisubiri baba ajibu posa.

Uliposema juzi kwamba inanukia mawaridi nilishajua. Ndiyo maana nikauliza juu ya unyevu kama hakimu. Nikamwambia somo, naye akasema, "Nyamaza. Mwanamme hapewi kila kitu fungate halijesha." Nikanyamaza siku moja. Niliogopa. Niliogopa utaniona mtoto, mwanamke anayeharibu kazi ya mume kwa upuuzi, na kwamba kila utakapofungua mkoba utakumbuka hilo badala ya kunikumbuka mimi.

Lakini barua yako imenimaliza. Kukukosa siku kumi na mbili nitakuvumilia, nitalia na nitavumilia. Kheir kukaa nyumbani kwa jina baya siwezi. Na kina mama wa mwani siwezi. Sisi hapa ghorofa ya nne tunapandisha maji kwa ndoo yakikatika, najua ilivyo.

Mpigie Kheir kwanza. Kabla hujanikasirikia, mpigie.

Na kama kijisanduku hicho kinaweza kufunguliwa, kifungue. Sijui fizikia, lakini mama alipomwagia chai redio ya baba, fundi aliiosha akaianika, ikasema mpaka leo.

Salhiya


Michenzani
Alhamisi, 14 Novemba, saa mbili asubuhi

Munir,

Jana Miraji alirudi na vyombo. Niliinua kitambaa. Nikatoa vyombo vyote, nikatazama chini ya kifuniko, ndani ya kikombe. Hapana kitu. Nikamtuma mama akamuulize. Miraji akasema, "Kanipa vyombo, hakunipa neno. Alikuwa ameinama na bisibisi." Mama akaniangalia kwa macho yale, nikasema nina kichwa kinaniuma.

Leo siku ya saba. Asubuhi wote wamekuja, shangazi Mardhiya na deli la kahawa, jirani zake mama, na kanga mpya nivae nitokee. Somo akagonga. "Salhiya, toka mwanangu, watu wanakungoja." Nikatia komeo.

Nikasema kwa ndani, "Somo, nisamehe. Fungate langu halijesha."

"Halijesha vipi? Siku saba si hizi?"

"Siku asizokuwepo mume wangu hazihesabiwi."

Nikamsikia shangazi anacheka pembeni. Nikamsikia somo anafikiri, maana akifikiri hugonga bangili zake. Mwisho akasema, "Hilo kweli. Fungate la mtu mmoja ni kufungwa jela tu." Akawaambia wanywe kahawa.

Kwa hiyo nipo ndani. Sijui umenikasirikia kiasi gani. Nakuandikia barua hii bila kujua kama unasoma barua zangu. Lakini nikikaa kimya nitapasuka, basi nauliza tena, kama ile taa yako. Nauliza na nitaendelea kuuliza.

Umekula jana? Umempigia Kheir? Unanipenda bado?

Salhiya, mkeo, mpaka useme vyengine


Ghorofa ya nne, nje ya mlango
Alhamisi, 14 Novemba, saa tisa alasiri

Mke wangu Salhiya,

Barua yako ya leo Miraji amenipa njiani, tulipokutana yeye anakuja kwangu na mimi nakuja kwako kwa gari ya samaki. Nimeisoma barabarani. Hii naiandika nimekaa kwenye ngazi yenu na kalamu ya shangazi Mardhiya, kwa sababu somo yako hataki nipige kelele. Anasema mmeanza kwa barua, mmalize kwa barua. Atakusukumia chini ya mlango.

Kwanza: nilikasirika. Ya jana niliisoma juu ya mnara, na hasira yangu ilidumu ngazi zote thelathini na mbili za kushuka. Nilipofika chini nikakumbuka ile mara tatu, moja kwa kila siku niliyosubiri posa, nikakaa chini nikacheka mpaka Mzee Ubwa akataka kuniletea maji. Nikamwambia maji ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Kheir nilimpigia kabla ya kugusa kitu. Nilimwambia kosa ni langu, niliacha kitu cha kazi kwenye chumba cha harusi. Nikamwomba radhi, nikampigia na mkubwa wetu nikamwambia hivyohivyo. Amerudi kazini leo. Anauliza ni marashi gani hayo, maana na yeye anatafuta mchumba.

Halafu nilifungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na doa jeupe, limekauka kwenye miguu ya nyaya za kupokea, na harufu, Salhiya! Kama nimefungua mlango wa chumba hichi. Nimeosha kwa spiriti ya zahanati na mswaki mpya wa Mzee Ubwa. Bi Shemsa akaipepea kwa kipepeo chake cha mkaa, akisema hajawahi kupepea kitu kisicholiwa. Jua likazama haijakauka. Sikuthubutu kuitia umeme mara ya pili na haraka. Asubuhi tukaianika tena juu ya bati. Saa nne nikaifunga.

Taa ya kupeleka ikapepesa. Nikahesabu moja, mbili. Taa ya kupokea ikapepesa. Tangi limejibu: mita moja na nusu. Pampu zikaanza zenyewe, bila kanga. Bi Shemsa alipotoka kwenye mwani alikuta bomba linatoka, akaosha miguu hapohapo uani, na kanga yake amerudishiwa.

Jana sikukuandikia, na najua ulitafuta mpaka ndani ya kikombe. Nisamehe. Kwenye ile jozi ya nyaya wawili hawasemi pamoja. Mmoja akisema, mwengine hunyamaza mpaka asikie mpaka mwisho, wakisema pamoja hawasikilizani. Jana ilikuwa zamu yangu kusikia. Leo ndiyo nakujibu: nimekula, nimempigia, na ndiyo.

Konveta iliyoungua kwa radi nimekuja nayo mfukoni. Haifai kwa lolote tena. Hiyo inyunyizie utakavyo, ikae kwenye meza yetu.

Kwa hesabu ya somo leo ni siku ya nne, na chai yangu niliiacha nusu.

Uliniomba mlango niufungue mimi. Nimejaribu, roho yangu. Umetia komeo.

Mumeo,
Munir